Sekunde Arobaini za Mwanzo

Fundi aliusikia wimbo wake kwenye simu ya mteja. Mama mmoja alikuja kupunguziwa sketi, akasimama mbele ya kioo na pini zake kiunoni, simu ikaita ndani ya mkoba. Kilikuwa kiitikio. Walikiongezea kinanda na kumpa kijana wa sauti nyororo, lakini kilikuwa kilekile, mpaka pale mwishoni sauti inaposhuka, pale ambapo Fundi hupaonea fahari kuliko koti lolote aliloshona. Akamchoma mama wa watu pini. Akaomba radhi, akauliza mwimbaji ni nani, akatajiwa mtu asiyemjua.

Aliyemjua ni mwenye studio. Mwaka uliopita alikwenda kwake, akauimba wimbo mara mbili mbele ya kinasa sauti, akaambiwa atapigiwa simu. Anaisubiri hadi leo. Basi akafunga duka mchana kweupe, akamfuata. Mwenye studio alikuwa anakula, na hakuacha kula. Hakukana kitu.

"Wewe ulikuwa unaimba tu," alimwambia. "Mimi ndiye niliyeufanya ukawa wimbo."

Maneno hayo yalimkaa Fundi kooni kama mwiba wa samaki. Siku tatu alishona vibaya. Hakutaka mengi, na tumwamini, maana hata malipo ya ile sketi aliyasahau: alitaka jina lake liandikwe mahali panapoandikwa mtunzi. Wimbo wenyewe ungeendelea kuimbwa na yeyote anayeuweza, mradi watu wajue umetoka kichwani kwa nani.

Ofisi ya hakimiliki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Ofisa alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na alimsikiliza Fundi mpaka mwisho bila kuandika neno. Kisha akamweleza taratibu, kama anayemweleza mgeni njia. Haki ya mtunzi haingoji muhuri. Inaanza siku wimbo unapowekwa kwenye karatasi au kwenye rekodi. Mwenye studio anaweza kuwa na haki katika rekodi aliyoitengeneza, lakini wimbo uliomo ndani si wake, na bila ruhusa ya mtunzi amevunja sheria. Shida ni kuthibitisha. Akiulizwa nani alitangulia, Fundi ana nini cha kuonyesha?

Fundi akatoa simu yake kwa madaha. Alijirekodi mwenyewe dukani, muda mrefu kabla ya kwenda studio. Ofisa akavaa miwani, akaitazama simu, akaitazama tena.

"Rekodi hii ni ya jana," akasema.

Ndipo mambo yalipoharibika. Fundi hajawahi kumkabidhi mteja nguo yenye nyuzi zinazoning'inia. Jana yake alikuwa ameisafisha ile rekodi ili isimwaibishe mbele ya wakubwa: akakata kikohozi, akakata mlio wa cherehani, akakata sekunde kama arobaini za mwanzo ambazo aliziona takataka, kisha akahifadhi rekodi mpya juu ya ile ya zamani. Kazi ilitoka safi kabisa, na ushahidi ukatoka nayo.

Ofisa akauliza kama kuna mtu mwingine aliyewahi kutumiwa rekodi hiyo kabla haijakatwa. Fundi akasema hakuna. Halafu akasema yupo. Alilisema hilo la pili kwa sauti ndogo.

Alikuwa dada yake mkubwa. Kwa miaka kumi na mmoja dada huyo amekaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani, akishona vifungo na kupinda mapindo kwa mkono, na Fundi humtumia kila wimbo siku ileile anapourekodi ili ajifunze kuitikia. Kesho yake walikuja wote wawili. Dada alikataa kuitoa simu yake mkononi, kwa kuwa ina siri za mawifi, akasema atabonyeza mwenyewe. Fundi alijua kilichomo katika zile sekunde arobaini, na njiani alishaandaa la kusema: kwamba wimbo ulikuwepo tayari, dada alikuwa anaufuatisha.

Tarehe ilikuwa nzuri, miezi minne kabla ya studio. Dada akabonyeza. Ukasikika mlio wa cherehani, kisha sauti ya mwanamke ikiimba peke yake, inakatika anapokata uzi kwa meno, inaendelea. Akaimba kiitikio chote, mara mbili, na mwishoni sauti ikashuka vile vile. Cherehani ikanyamaza. Sauti ya Fundi ikasema: "Hebu rudia hapo." Akarudia. Ndipo Fundi akaanza kuimba.

Ofisa akavua miwani. "Anayeanza ni nani?"

Fundi akafungua mdomo kutoa lile alilokuja nalo, lakini dada akamuwahi. Aliona mdogo wake anatoka jasho, akamhurumia kama alivyozoea tangu utoto.

"Ni mimi, mama, lakini usiniandike," akasema. "Mimi nilikuwa naimba tu. Yeye ndiye aliyeufanya ukawa wimbo."

Fundi aliona aibu. Aliiona mpaka masikioni, maana maneno hayo aliyajua, na aliyemwambia alikuwa anakula. Akavuta fomu ya kusajili wimbo iliyokuwa mezani, akafika penye mtunzi wa maneno, akaandika jina lake. Penye mtunzi wa muziki akaandika jina la dada, herufi kubwa, kisha akamgeuzia karatasi aone.

Dada alilisoma jina lake. Alisogeza kiti karibu na meza, akashika simu yake vizuri, akapandisha orodha juu kwa kidole, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka.

"Mama," akamuuliza ofisa, "fomu nyingine unazo? Nyimbo ziko kumi na saba, na zote ninazo tangu mwanzo."