Tundu la Sita

Mkoromo ulitangulia. Ulitoka nyuma ya shuka lililotundikwa katikati ya ukumbi wa kata, mzito, wenye majimaji, kama uji unaochemka kwenye sufuria iliyofunikwa. Ulikatika. Ukaanza tena. Washiriki kumi na wawili walikuwa wamefumba macho kama walivyoamriwa, na Sista Swaumu, muuguzi aliyetoka Singida mjini kuwafundisha huduma ya kwanza, aliwauliza mtu huyo ana nini.

"Damu imejaa kooni," alisema Evodia. "Alazwe ubavu kwanza, mengine baadaye."

"Sawa. Fumbueni."

Shuka likavutwa. Aliyelala sakafuni alikuwa Sixbert, dereva wa bodaboda wa Misigiri, akijifuta mate na kucheka. Wenzake wakampigia makofi, mmoja akamshauri aache pikipiki akaigize kwenye televisheni. Evodia hakupiga makofi. Alikuwa anawaza kwamba mtu haigi mlio ambao hajawahi kuusikia, na kwamba huu Sixbert aliusikia kwa mtu, na mtu huyo ana kaburi.

Hezekia, mume wa Evodia, alifariki mwaka jana, baada ya kenta ya vitunguu aliyopanda kupinduka kwenye mteremko wa Sekenke. Wa kwanza kumfikia alikuwa Sixbert, na Sixbert huyo huyo ndiye aliyempakata nyuma ya pikapu mpaka hospitali. Simu ya marehemu ilirudi nyumbani. Kitambulisho kilirudi. Hata mswaki wa mti aliokuwa nao mfukoni ulirudi. Mkanda wa suruali haukurudi.

Wala haukuwa mkanda wa dukani. Mzee Eliya, baba yake Hezekia, aliukata kwa mkono wake kutoka ngozi ya fahali aliyechinjwa siku ya harusi, akautoboa matundu matano, na alipoombwa aongeze la sita alikataa. Alisema mwanamume wa ukoo wake akikonda hadi kuhitaji tundu la sita, basi mke wake hajui kupika. Mkanda huo ndio ungekabidhiwa kwa mtoto wa kwanza wa kiume siku ya kumaliza msiba, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi inayokuja. Mzee alikwisha kutamka neno lake, na neno la Mzee Eliya halirudiwi mara mbili: mkanda hauvuki mlango peke yake. Aliamini ulirudi pamoja na vitu vingine, Evodia akaupeleka kwa mganga. Usipoonekana, afunge virago arudi kwao Kinampanda, na mtoto wake Gaspari abaki.

Ndiyo sababu Evodia aliacha genge lake la chai kando ya barabara akajiandikisha. Katika mafunzo ya mwanzo, ya siku tatu, alikaa benchi la nyuma ya Sixbert akitazama mikono yake. Walipochujwa wachache kwa mafunzo haya ya juu, alikariri kila ukurasa ili asiachwe nyuma na mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimwinda. Pale Misigiri watu husema aliyewahi ajali ndiye aliyewahi mifuko. Na mambo mawili alikuwa ameyaona kwa macho yake: Sixbert hamtazami usoni, na hafungui kiti cha pikipiki yake Evodia akiwa karibu.

Siku ya nne ya mafunzo haya ya juu walifika kwenye damu. Sista Swaumu alitaka kujua: mguu unavuja damu, umebana kwa mikono miwili wala haikomi, huna kifaa chochote, utaufunga kwa kitu gani? Walijibu kwa sauti moja, kama kwaya, kwamba watafunga kwa mkanda wa suruali. Sista akatikisa kichwa. Hilo, alisema, ndilo kosa la barabara hii nzima, na kila mmoja analifanya kwa moyo mweupe. Akamkalisha Sixbert mezani, akazungusha mkanda wa mshiriki mmoja kwenye paja lake, akavuta mpaka mishipa ya shingo yake mwenyewe ikasimama.

"Evodia, tafuta mapigo."

Evodia aliweka vidole viwili juu ya mguu wa Sixbert, pale kamba za kiatu zinapofungwa. "Yanapiga."

"Yanapiga?" Aliyeuliza hakuwa Sista. Alikuwa Sixbert.

"Yanapiga kama vile hakuna aliyekufunga."

Sista akaeleza. Mkanda ni mgumu, na ukomo wake ni matundu yake, haukubali kukaza pale mwili unapohitaji. Ukibana nusunusu unazuia damu inayorudi juu huku inayoshuka ikiendelea kushuka, na majeruhi anavuja zaidi kuliko ambaye hakufungwa kabisa. Kisha akachukua ukanda mpana wa kitenge, akafunga fundo, akapachika kijiti, akasokota. Chini ya vidole vya Evodia mapigo yalififia, yakazimika kama redio iliyoishiwa betri. Alipoinua macho aliona jasho linamtiririka Sixbert mpaka kidevuni. Kijiti kilipolegezwa tu alishuka mezani, akatoka nje akichechemea.

Evodia alimfuata hadi kwenye pikipiki.

"Fungua kiti."

"Shemeji, sikiliza kwanza..."

"Mwaka mzima nakusikiliza ukinyamaza. Fungua."

Alifungua. Chini ya spana, ndani ya mfuko wa nailoni, ulilala mkanda wa Hezekia umejikunja kama nyoka aliyeshiba. Evodia aliutoa akamwinulia usoni kama anayetaka kumchapa.

"Hesabu matundu," Sixbert alisema, akitazama chini.

Yalikuwa sita. Matano ya mviringo, yamepangwa sawasawa kwa jicho la fundi. La sita lilikuwa limechanika, limekaa upande, mbali sana na mengine.

Hapo ndipo alipoeleza, maneno yakimtoka vipandevipande. Mguu ulikuwa umepondwa. Aliwahi kuona kwenye filamu mtu akifungwa mkanda, akauchomoa kiunoni mwa Hezekia akamfunga pajani, matundu yote yakapitiliza mbali chuma cha kufungia, akatoboa jingine kwa bisibisi. Njiani Hezekia alianza kukoroma, kisha hakukoroma tena. Uani pa hospitali aliufungua haraka akauficha kifuani, kwa sababu alikuwa ameshasikia watu wakisema mtu akifungwa sana anakufa.

"Mwaka mzima nimejua nimemuua kwa kumbana mno," alisema. "Leo wewe unaniambia yanapiga."

Evodia hakumwamini papo hapo. Mwizi naye ana bisibisi, na mwizi naye ana mwaka mzima wa kutunga. Aligeuza ngozi kwenye jua akachungulia ndani ya tundu lile. Kama lingetobolewa juzi, ngozi ingekuwa nyeupe ndani. Ilikuwa nyeusi kwa damu, na weusi ule ulikuwa umekauka mpaka kwenye nyuzi.

Sixbert alimwomba auchukue tu, aseme aliuokota uvunguni mwa kitanda. Evodia akamjibu kwamba mzee anayemshuku mtu kwa mkanda uliopotea atamshuku mara mbili kwa mkanda uliookotwa. Jumamosi Sixbert atafuatana naye, kwa miguu yake au kwa kukokotwa.

Jumamosi virago vya Evodia vilikuwa vimeshawekwa nje ya mlango. Wazee sita wa ukoo walikaa kwenye viti, Mzee Eliya katikati. Evodia na Sixbert walimwamkia shikamoo na kumkabidhi mkanda; akaitikia marahaba bila kuwatazama, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye ngozi. Alipitisha kidole tundu baada ya tundu. Kwenye la sita alisimama.

"Hili si langu."

Sixbert akasimulia yote, tangu Sekenke hadi uani pa hospitali. Alipomaliza, mzee alimgeukia Evodia. "Ninyi wawili mmepatana lini?"

Wazee wakaguna. Evodia alikuja na ukweli, na ukweli ulionekana kama njama. Alipofungua mdomo ajitetee, mzee aliinua mkono. Maneno alikuwa ameyachoka, alisema. Akapandisha suruali hadi pajani, akaweka mguu juu ya kigoda.

"Nifungeni kama alivyofungwa."

Sixbert akafunga, akavuta hadi tundu la sita. Evodia alishika vidole vya baba mkwe wake, akaviweka juu ya mguu wa mzee mwenyewe. Mzee alisikiliza kwa vidole: mapigo yalikuwa yakiendelea. Kisha Evodia akafungua mkanda, akachana upande wa kitenge chake, akafunga, akaagiza mwiko wa ugali kutoka jikoni, akausokota. Mzee aliuma meno. Vidole vyake vikahangaika juu ya mguu, vikatafuta huku, vikatafuta kule, wala havikupata kitu. Aliendelea kutafuta hata baada ya kila mtu pale kuelewa.

"Legeza," alisema mwishowe.

Aliuchukua mkanda akaulaza mapajani. Akasema, polepole, kwamba basi ngozi yake mwenyewe ndiyo iliyoshindwa kumshika mtoto wake. Akamwambia Sixbert kwamba kufunga vibaya amemsamehe, kuficha bado hajamsamehe, na asimwombe leo. Sixbert akaitika. Kisha mzee akaagiza virago virudishwe ndani, na mkanda atunziwe Gaspari vilevile ulivyo, tundu la sita lisizibwe.

"Na wewe," alimwambia Evodia, shaka ikiwa bado imekaa pembeni mwa jicho lake. "Kesho akianguka mtoto wa mwingine pale Sekenke, mama yake naye atafute mkanda mwaka mzima?"

Evodia alipiga magoti, kitenge kikiwa kimechanika upande.

"Baba, mbele yako na mbele ya wazee hawa, nitakayemkuta anavuja damu kwenye barabara ile nitamfunga kwa nguo niliyovaa. Na chochote nitakachomvua mwilini nitakipeleka mimi mwenyewe mlangoni kwao, nikikabidhi mkononi, hata kikiwa kamba ya kiatu."