Habu za Josette

Jumanne asubuhi Anthelme Fayolle, fundi wa magurudumu wa Saint-Étienne, alipanga mezani jozi nne za habu kuukuu, vile vitovu vya magurudumu, akazipangusa moja moja. Zote zilikuwa na matundu thelathini na sita ya spoku, na zote zilienea kwenye baiskeli ya safari ya mwaka 1954 iliyoning'inia ukutani bila magurudumu. Kazi ya kuchagua haikuwa ya macho. Ukizungusha ekseli ya habu ya zamani, mwanamke aliyeifunga kiwandani huja kuikagua, awe hai au marehemu, na fundi mwenye akili humsikiliza.

Mwenye baiskeli, Solange Brunon, mwenye miaka sitini na minane, alikuwa ameketi kwenye kigoda. Baiskeli ilikuwa ya baba yake. Mwezi Juni alitaka kupanda nayo mlima wa République, juu ya habu zilizofungwa na mama yake, Marthe, aliyefariki na kumwacha akiwa na miaka sita. Tatizo, habu zilichongwa jina la kiwanda tu, la mfungaji hakuna.

Jozi ya kwanza ilimleta bibi mmoja aliye hai. Alikuja kwa tramu, akanung'unika kwamba ameachishwa kufuma sweta yake, mkono mmoja ukiwa nusu. Ya pili ilimleta marehemu Josette, mnene, mcheshi. Alizungusha ekseli kwa vidole viwili.

"Hii itadumu hadi ikuzike wewe, fundi," akasema, akaondoka.

Ya tatu ilimleta Marthe, mwenye miaka thelathini na mmoja, na aproni ya kiwanda.

"Umezeeka vizuri, mwanangu."

Solange alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Marthe alimshika bega kwa mkono mmoja, wa pili ukizungusha ekseli. Uso ukamkunjamana.

"Hii usipande nayo."

"Mama, ndiyo niliyoitafuta miaka yote!"

"Sikiliza. Siku niliyoifunga hii nilikuwa na homa, vidole havihisi kitu. Nikaomba ruhusa, msimamizi akasema nimalize kwanza sanduku. Nikamaliza. Jumapili mkanizika. Chukua za Josette."

"Lakini hizi ni zako."

"Kwani mteremko utauliza ni za nani?"

Fayolle akajenga magurudumu kwa habu za Josette. Solange naye akaiandikia ofisi inayotunza majalada ya kiwanda irekebishe la mama yake, ambamo imeandikwa kwamba Marthe aliacha kazi kwa hiari. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: ushahidi wa marehemu hupokelewa, mradi uwe umewasilishwa kabla ya kifo. Jalada liko vilevile hadi leo.

Mwisho wa Juni Solange aliingia karakanani, pua imebabuka kwa jua. Kabla hata ya kumsalimu fundi, alizungusha ekseli ya habu za mama yake, zilizokuwa bado mezani.

"Ulifika juu?" Marthe akauliza.

"Nilifika. Na kushuka nikashuka, mama, mbio!"

"Zilipiga kelele?"

"Hata kidogo."

"Josette huyo," akasema Marthe, kwa wivu kidogo. Alikunja mikono ya blauzi. "Fundi, nipe spana nyembamba na grisi safi. Leo sina homa."

Solange akavuta kigoda, akakinga kiganja, na mama yake akaifungua habu upya, akaanza kumwekea gololi zake moja moja.