Anayesonya Kitabuni

Mteja alikuja kununua dawa ya kiungulia, akaondoka amemwachia mwenye duka kiungulia chake.

Alikuwa mama mnene mcheshi, mteja wa siku nyingi. Alipopewa vidonge vyake alivitazama, akamtazama mwuzaji, akabinua midomo, kisha akasema kwa sauti kavu ya puani, "Nenda basi, tuone utafika wapi." Halafu akasonya. Ulikuwa msonyo mrefu, wa kuvutwa, wenye mkia. Watu wawili waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaangua kicheko, na mmoja wao naye akasonya vilevile, mkia na yote.

"Kitabu chako hicho, Bi Kalamu," mteja akasema huku akijifuta machozi. "Nakisikiliza nikiwa napika. Yule mama mtu, jamani! Siku hizi nyumba nzima tunasonya, hata mume wangu."

Bi Kalamu akatabasamu kwa meno tu. Jina hilo alibandikwa na mtaa baada ya kutoa kitabu, maana kabla ya hapo alikuwa dada wa duka la dawa na basi. Kitabu chenyewe kilikuwa hadithi ya dobi wa hospitali na binti yake. Kila aliyemfahamu alijua dobi huyo ametoka wapi, kwa kuwa mama yake mzazi alifua mashuka ya hospitali mpaka siku ya kustaafu. Kilipochapishwa, wachache walikinunua, wakakisifu kwa adabu, kikalala rafuni. Sasa kilikuwa kimesomwa na kurekodiwa, mtu anakifungua kwenye simu anasomewa huku anakatakata vitunguu, na ghafla kikawa gumzo la mtaa. Watu waliokipita rafuni kana kwamba ni tofali walikuwa wanakipenda kufa.

Mwenyewe hakuwa amesikiliza hata neno moja. Alisema anaona haya kujisikia. Siku hiyo haya ilimtoka. Mteja wa mwisho alipoondoka alifunga mlango kabla ya saa yake, akaketi chumba cha nyuma katikati ya maboksi, akavaa hedifoni.

Msomaji alikuwa na sauti nzuri, hilo hakuweza kulikataa. Ilikuwa nzito kiasi, haina haraka, inajua wapi pa kupumua. Kurasa za mwanzo alijikuta anatikisa kichwa kwa raha, kama vile kitabu ni cha mtu mwingine. Kisha mama akaingia kwenye hadithi, na sauti ikageuka. Ikawa nyembamba, ya puani, sauti ya mtu anayemnusa kila anayekutana naye na kumkuta ananuka. Na pale kitabu kiliposema "mama akasonya", msomaji hakutosheka kuyatamka hayo maneno. Aliyatamka, kisha akasonya kweli.

Alisonya sura ya kwanza, akasonya sura ya pili, akasonya mama akiwa anaanika, akasonya mama akiwa anakunja. Kwenye karatasi lilikuwa neno dogo ambalo jicho linaliruka. Masikioni lilimchapa kama shuka bichi usoni. Halafu ikafika sura ya tatu, ambapo binti amepata nafasi shule ya bweni ya mbali na mama anamsindikiza kituo cha basi. "Nenda basi, tuone utafika wapi," msomaji akasema, na msonyo wake ulikuwa mrefu kuliko safari yenyewe.

Bi Kalamu akaivua hedifoni, akasonya, akaitupa kwenye boksi la bandeji.

Damu ilikuwa inamchemka. Yeye aliandika mwanamke aliyechoka, huyu bwana amesoma mchawi. Na watu wanacheka. Lakini wacheke wasicheke, kulikuwa na msikilizaji mmoja aliyemtia hofu kuliko mtaa mzima, naye ni mama yake.

Mama hakuwa anaona tena. Presha ya macho ilimmaliza mwaka mmoja kabla kitabu hakijatoka. Alipoletewa alikipokea kwa mikono miwili, akakipapasa jalada, akauliza lina picha gani, akakitia kabatini katikati ya nguo zake nzuri. Aliomba asomewe. Binti kila mara akawa na sababu: leo nimechoka, kesho koo linauma, mama subiri tu, kuna cha kusikiliza kinakuja. Basi mama alisubiri, na sasa kimekuja. Alishawatangazia majirani kwamba wiki hii anasomewa kitabu cha binti yake.

Bi Kalamu akampigia simu mdogo wake, fundi bomba, aliyekuwa akiishi na mama.

"Usimwekee mama kile kitabu."

"Kwa nini tena? Tangu asubuhi ananiuliza."

"Msomaji amekiharibu. Naenda studio sasa hivi warekebishe."

"Na mimi nimwambie nini?"

"Mwambie simu mbovu."

"Dada, mama hana macho. Akili anazo."

Akasonya, akakata simu.

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Kuta zilikuwa zimebandikwa magodoro membamba na mlango ulikuwa mzito kama wa jokofu la bucha. Msomaji alikuwa ameketi anakunywa maji ya uvuguvugu. Alikuwa mtu wa makamo, zamani mtangazaji wa mpira redioni, mwenye tumbo la heshima na macho ya upole. Upole wenyewe ulizidi kumpandisha Bi Kalamu mori.

"Karibu, dada. Keti."

"Sikuja kukaa. Nani alikutuma umfanye mama yangu kichekesho?"

"Mama yako?" msomaji akauliza. "Mimi nimemsoma mama wa kitabuni."

"Usinizungushe. Unajua fika ni mama yangu, mtaa mzima unajua. Nimeandika mwanamke anayetoka kazini mgongo umekatika, wewe umenitolea mwanamke wa kufukuza watoto. Watu wanamsonya dukani kwangu. Wananisonyea mimi."

"Umeandika akasonya."

"Nimeandika. Sikukwambia usonye."

Nyuma ya kioo fundi mitambo aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Bi Kalamu alimwona mabega yanavyotikisika, na kama kile kioo kisingekuwepo wangejuana siku hiyo.

Msomaji hakukasirika. Aliinuka, akachukua kitabu, akakifungua sura ya tatu, akamwonyesha kile chumba kidogo chenye kipaza sauti. "Msome wewe," akasema. "Huu ukurasa mmoja tu. Msome mwanamke aliyechoka. Nikimsikia, narudia kitabu kizima, naanza leo hii."

Bi Kalamu akaingia kama mtu anayekwenda kuchukua haki yake. Mlango ukafungwa, dunia ikanyamaza, akasikia hata tumbo lake. Akaanza kwa sauti laini, sauti ya kumpa mgonjwa maelekezo ya dozi.

"Mama alimtazama kuanzia juu mpaka chini, kama anayekagua shuka lenye doa. 'Nenda basi, tuone utafika wapi,' akasema, akasonya, akageuka kabla basi halijawashwa."

Haikwenda. Alitaka maneno ya mama yatoke kwa upole, lakini mbele yake kulikuwa na shuka lenye doa na nyuma yake kulikuwa na msonyo, na upole haukupata pa kukaa. Akarudia polepole. Ikawa mbaya zaidi, maana sasa mama alikuwa anatukana kwa kunyenyekea. Akajaribu kuyaleta maneno yenyewe kwa uchovu, akasikika kama mtu aliyechoshwa na mtoto wake. Kila mlango aliousukuma alikuta amekwisha kuufunga mwenyewe, siku nyingi, kwa kalamu. Kitabu hiki alikiandika, akakisahihisha, akakipeleka kwa mchapaji, na hakuwahi hata siku moja kukisoma kwa sauti.

"Mashine yenu hii mbovu," akasema, akasonya.

Kipaza sauti hakikulala. Fundi mitambo, kwa uchokozi au kwa mazoea ya kazi, akaurudisha ule msonyo kwenye spika. Baada yake akaweka wa msomaji, kutoka sura ya tatu. Ukaja wa kwanza, ukaja wa pili. Urefu ulikuwa uleule, mvuto uleule, hata mkia ulikatikia mahali pamoja.

Bi Kalamu akatoka chumbani uso umemwiva.

"Mama yako sijawahi kukutana naye," msomaji akasema. "Niliyekutana naye ni wewe, siku ya kutia sahihi mkataba. Ulimsonya mlinzi, ukaisonya kalamu ilipogoma, ukaisonya chai. Nikajiambia, sauti ya mama huyu nimeshapewa, sina haja ya kuhangaika."

"Umeniibia."

"Nimekusikiliza, dada. Ndiyo kazi yangu."

Bi Kalamu akausukuma ule mlango mzito kwa bega. Akashuka ngazi mbilimbili huku akimpigia mdogo wake. Simu ikaita weee, haikupokelewa.

Alipofika kwa mama, aliisikia ile sauti ya msomaji kabla hajagusa kitasa. Ndani, mama alikuwa ameketi wima kwenye kiti chake cha siku zote, viganja juu ya mapaja, simu iko mezani mbele yake. Mdogo wake alikuwa amesimama karibu na mlango, spana mkononi, sura ya mtu aliyeshika mwizi asijue ampeleke wapi.

"Aliniambia niiwashe au nihame," akanong'ona.

"Zima hiyo," Bi Kalamu akasema.

"Usizime," mama akasema, bila kupandisha sauti. "Niliambiwa nisubiri kusomewa. Nasomewa."

Ilikuwa sura ya sita. Wakaisikiliza mpaka mwisho, watu watatu katika chumba kimoja, hakuna aliyemtazama mwenzake. Msomaji alipotua, mama akaomba isimamishwe kidogo.

"Nani anasonya humo?"

"Ni msomaji, mama. Ametia chumvi. Nimetoka kugombana naye sasa hivi."

"Sikuuliza anayesoma. Nimeuliza anayesonya."

Bi Kalamu akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Mimi sisonyi," mama akasema. "Nilisonya mara moja nikiwa mdogo, bibi yako akanipa kofi ambalo mpaka leo nalikumbuka, sikurudia. Anayesonya katika nyumba hii ni wewe. Ulianza ungali mtoto. Nakutuma maji, unasonya. Nakuamsha, unasonya. Nilikuwa nakusikia nikiwa uani na beseni langu, nanyamaza, nasema atakua. Huyo wa kitabuni si mimi. Huyo ni wewe umevaa gauni langu la kazi."

Mama alikuwa na hasira. Haikuwa ya kelele. Ilikuwa imetulia na kunyooka kana kwamba pasi imepita juu yake.

"Na wanacheka. Asubuhi jirani amepita hapo dirishani akanisonya. Nilikaa hapa mpaka adhuhuri najiuliza nimemkosea nini."

"Lakini maneno ni yako," Bi Kalamu akasema, na hapo hasira yake mwenyewe, ya miaka, ikapata mlango. "Uliyasema, mama. Pale kituoni. 'Nenda basi, tuone utafika wapi.' Hayo sikuyatunga. Mimi nilikuwa mtoto, naondoka peke yangu, na hayo ndiyo uliyonipa. Nililia njia nzima. Nimeyabeba mpaka leo."

"Niliyasema. Sijayakataa. Njoo hapa."

Akasogea. Mama akanyoosha mkono, akapapasa hewa, akamfikia begani, akapanda mpaka kwenye ukosi wa koti jeupe la duka la dawa. Akaushika kwa vidole viwili, akaunyoosha upande mmoja, akaunyoosha na upande wa pili, akaupigapiga ulale.

"Hili uliliandika?"

Hakuliandika. Hakukumbuka kwamba pale kituoni mama alimnyoosha ukosi hivihivi, mpaka vidole vilipomgusa shingo.

"Nenda basi," mama akasema. "Tuone utafika wapi."

Maneno yalikuwa yaleyale. Lakini yalianza chini, yakapanda kidogo, na lile la mwisho lilitoka jembamba, nusu swali, kama mtu aliyetamani naye angekuwa na tiketi. Kilichofuata hakikuwa msonyo. Kilikuwa pumzi iliyovutwa kwa meno ili kilio kisitoke mbele ya watu wa kituoni. Mtoto aliyekwisha kununa, na ambaye msonyo ndiyo lugha yake, angeweza kuisikia vyovyote atakavyo.

Mdogo wake akaiweka spana chini taratibu.

"Mama, nitaiandika upya ile sura," Bi Kalamu akasema. "Nitamwambia msomaji arudie."

"Utafanya utakavyo. Watu wameshacheka." Mama akauachia ukosi. Hasira ilikuwa bado ipo palepale, wala hakuifichaficha. "Keti. Miaka yote koo lilikuwa linakuuma ukashindwa kunisomea. Sasa tutasikiliza wote mpaka mwisho. Wewe, washa."

Fundi bomba akawasha. Bi Kalamu akaketi kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, kama mtoto aliyeitwa ofisini. Sauti nzuri ikaendelea na sura ya saba, bila haraka, ikipumua panapostahili. Haukupita ukurasa. "Mama akasonya," msomaji akasema, akasonya, na mama akageuza uso wake, si upande wa mezani kwenye simu, bali upande wa kile kiti cha pembeni, kama tunavyomgeukia mtu aliyesema neno.