Vichomeo Thelathini na Viwili

Minegishi Takuro alikuwa na miaka hamsini na sita kampuni ilipomkabidhi kazi ya kuzima kiwanda. Tangu amalize uhandisi wa kemia alikuwa amehamishwa mara sita, kiwanda kimoja cha kusafisha mafuta hadi kingine, akipanda cheo kila anapohama. Mkewe Fumie alibaki nyumbani kwao Chiba na binti yao Natsuki, kwa sababu ya shule. Shule ikaisha, Natsuki akaolewa, na Fumie akaendelea kubaki.

Kiwanda chenyewe, kwenye pwani ya Seto, ndicho alichoanzia kazi ujanani. Petroli haikuwa ikiuzika tena kama zamani. Kwa miezi minne Takuro aliandika mpango: bomba lipi lifungwe kwanza, tangi lipi lisafishwe, nani aondoke lini. Jioni alirudi kwenye chumba cha kampuni, akapasha chakula cha dukani, akala amesimama.

Siku ilipofika, asubuhi, watu ishirini walibanana kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Mbele ya skrini alikaa mzee Onodera, yule aliyemfundisha kupanda ngazi za mnara wa kiwanda enzi hizo Takuro hajui hata kufunga mkanda wa kofia.

"Mhandisi, toa amri basi," Onodera akasema. "Au unangoja tukuimbie?"

Wachache wakacheka.

"Anza na kichomeo cha kwanza," Takuro akasema.

Tanuru la kuchemshia mafuta ghafi lilikuwa na vichomeo thelathini na viwili vya kutolea moto. Vilizimwa kimoja kimoja, polepole, chuma kisije kikapasuka kwa kupoa ghafla. Cha mwisho kilipozimika, hakuna aliyepiga makofi.

Onodera alisukuma kiti nyuma. "Mimi nakwenda kulima machungwa. Wewe je?"

"Nyumbani."

"Unapakumbuka lakini?"

Ulikuwa utani, na wenzake waliucheka. Takuro alitabasamu tu, akashika kalamu kutia sahihi hati ya kuzima kiwanda.

Kampuni ilimpa kiti makao makuu, akakikataa, akastaafu. Fumie alimpokea vizuri, akampikia samaki. Kesho yake Takuro alitaka chai. Alifungua kabati la kwanza, la pili, la tatu.

"Mama Natsuki, vikombe viko wapi?"

"Juu ya sinki, Baba Natsuki. Miaka kumi na moja sasa viko hapo hapo."

Fumie alikuwa mlangoni anafunga kamba za raba.

"Unakwenda wapi?"

"Mpira wa meza. Kila Jumatano. Si nilikwambia kwenye simu?"

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Takuro akakaa na kikombe kitupu mkononi. Fumie akamtazama kidogo.

"Haya inuka, twende ukatuokotee mipira. Wenzangu magoti hayainami."

Kwenye ukumbi wa mtaa kulikuwa na wanawake wanane. Walimwita "bwana wa Fumie", wakacheka mambo ambayo hakujua yalianzia wapi. Alisimama ukutani na soksi tu, maana viatu vya nje viliachwa mlangoni naye hakuwa na raba, peke yake, akimsikiliza mkewe akipiga kelele za ushindi. Hakuwahi kumsikia akipiga kelele hivyo.

Mwanamke mmoja akamgeukia kwa adabu. "Shemeji, ulikuwa ukifanya kazi gani vile?"

"Mafuta," akasema. Alitaka kuongeza neno, lakini mpira ulikuwa umebingirika chini ya benchi, na wote walikuwa wakimngoja. Akapiga magoti, akaufuata.