Tofali la Gurudumu la Nyuma

Kila siku kabla ya alfajiri nilikuwa nasikia tofali likiburuzwa uani. Krrr, kimya kidogo, halafu mlango wa gari unafungwa kwa mikono miwili ili usigonge. Huyo alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu, anaondoka kwenda kuoka mikate. Tofali lilikesha nyuma ya gurudumu kwa sababu breki ya mkono ilikuwa haishiki tena.

Usingizi wangu ni mwepesi, lakini sikuwahi kumwambia. Mtu akijitahidi vile kunyamaza, utamwambiaje kwamba unamsikia?

Tofali halikunisumbua. Aliyenisumbua moyo ni dada yangu. Anakaa juu kabisa, kwenye mtaa wenye mwinuko mkali, na mguu wake haumruhusu kushuka. Zamani mkwe alinipeleka kila Jumapili. Siku moja tukiwa mezani kwake, gari likaanza kurudi nyuma lenyewe, likaishia mtaroni, hatua tatu tu kutoka mlangoni kwa jirani. Tangu hapo mkwe akakataa.

"Mama, siku nyingine litamkuta mtoto wa watu," alisema.

Miezi mitatu ikapita. Dada akipiga simu ananiambia, "Nitumie basi picha, nisije nikakusahau sura."

Ndipo Jumapili moja asubuhi fundi akaja nyumbani. Watu wanamwita Bila Haraka, na jina limemkaa. Aliketi kwanza kwenye kiti cha dereva, akavuta breki ya mkono taratibu huku akihesabu inavyolia, ta, ta, ta.

"Kumi na moja," alisema. "Zingetosha tano au sita."

Akazuia magurudumu ya mbele, akainua gari nyuma kwa jeki, akaliegemeza vizuri, kisha akavuta breki tena. Gurudumu la kulia alilisukuma kwa mkono, likagoma. La kushoto likazunguka kama feni.

"Kebo imekatika?" mkwe aliuliza.

Fundi akachungulia chini. "Kebo nzima, inavuta pande zote mbili. Ugonjwa uko ndani."

Akavua gurudumu, kisha akaivuta ngoma, lile bakuli la chuma linalofunika breki. Ndani kuna viatu vya breki, vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, ambavyo hutanuka na kuibana ngoma isizunguke. Vilikuwa vinang'aa mafuta.

"Itakuwa mafuta ya breki yanavuja," mkwe alisema, haraka kidogo.

Fundi akafunua kwa ncha ya bisibisi mpira wa pampu ndogo ya gurudumu, ambako mafuta hayo yangevujia. Pakavu. Akagusa yale mafuta kwa kidole, akanusa, akanusa tena, akaja kuninusisha na mimi.

"Bibi, hii unaijua?"

Naijua sana. Ni mafuta mgando, yale ya kupaka mabati ya mikate. Sote wawili tukamgeukia mwoka mikate. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Ilikuwa inalia kama mbuzi," alisema. "Kila alfajiri nikitoka getini. Nikaona inamwamsha mama. Nikapaka kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kijiko. Kijiko cha kupakulia." Akajikuna shingo. "Mkate ukigandia bati, sisi tunapaka."

"Breki tunataka igandie, shemeji," fundi alisema. "Ndiyo kazi tuliyoiajiria." Akacheka hadi ikabidi akalie tairi.

Mimi nilikumbuka ile kelele. Kweli ilikuwa ikiniamsha, na ilipokoma nilidhani ni masikio yangu yanazeeka. Niliingia jikoni kuchemsha maji, nikakaa huko kidogo zaidi ya maji yalivyohitaji.

Viatu vilikuwa vimeshayanywa mafuta, havisafishiki tena. Fundi akaweka vipya upande wa kushoto, na wa kulia pia, ili gari lisiwe linavuta upande mmoja. Ngoma niliiosha mimi, kwa maji ya moto na sabuni. Fundi alitaka kukataa, nikamwambia masufuria nimeyaosha tangu yeye hajazaliwa. Akanipisha, kisha akaipangusa tena kwa dawa yake. Nilimpenda kwa kunipisha.

"Ukitaka kupaka, paka hapa," akamwonyesha mkwe, "nyuma ya viatu, chuma kinapogusana na chuma. Grisi inayostahimili joto, kiasi cha punje ya dengu. Hapa mbele, hata jasho lako lisidondoke."

Akarekebisha viatu mpaka vikaikaribia ngoma. Akavuta breki ya mkono. Ta, ta, ta, ta, ta. Magurudumu yote mawili yakagoma.

Mchana tukapanda kwa dada. Getini kwake mkwe akavuta breki, akatoa gia, akaachia kanyagio polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Gari halikusogea. Tukakaa hivyo, mkono wake bado umeshika breki. Kisha akashuka, akafungua buti, akatoa tofali.

"Namwamini fundi, mama," alisema akilisukuma nyuma ya gurudumu. "Hili ni la kunituliza moyo."

Dada alikuwa ameshafika getini na mkongojo wake. Alinishika uso kwa mikono miwili, mkongojo ukaanguka, hakuna aliyeuokota kwa muda.

Jioni tulipoaga, mkwe akainama nyuma ya gari, akazunguka, akainama tena. Tofali halipo, na gari limesimama palepale.

"Usihangaike, mwanangu," dada alisema kutoka kizingitini. "Liko chini ya kitanda changu. Njooni mlichukue Jumapili ijayo."