Mama Stoo na Shali ya Matundu

Mama Stoo hakuwa mtu wa kuachia kitu. Pale ofisini, ukitaka kalamu mpya sharti umletee maiti ya ile ya zamani. Ataikwaruza kwenye karatasi, na ikiacha hata alama ya mguu wa sisimizi, unarudishiwa. "Hii bado inapumua," atakwambia, na kidirisha cha stoo kinafungwa pwaa!

Sasa mtu wa namna hiyo, mpe sindano mbili na uzi mwembamba uone.

Binti yake alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi, na kwa mama yake aliomba kitu kimoja tu: shali nyeupe ya matundu matundu, nyepesi, ya kufumwa na mkono wake mwenyewe. Mama Stoo akakubali mbele ya ukoo mzima, akiwemo wifi yake, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Kesho yake wifi akanunua shali ya dukani, akaitundika kabatini. "Ya akiba," alisema. "Yule hata salamu anakupimia kwa kijiko, matundu atayatoa wapi?"

Kweli hayakutoka. Kila alipofuma kitanzi, Mama Stoo aliuvuta uzi mara mbili: kwanza kukaza, kisha kuhakiki. Vitanzi vikaing'ang'ania sindano kama watoto siku ya kwanza ya shule. Binti alipokuja kuijaribu, shali ilisimama begani yenyewe.

"Mama, hii shali au bati?"

"Italainika ikifuliwa."

"Hii ikifuliwa itapiga kelele." Binti akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Shangazi anasema ile yake ipo tu, kama..."

"Kama nini?"

"Basi tu, mama."

Ofisi nzima ilikuwa na fundi mmoja wa kufuma, naye ni tarishi, mwanamume wa makamo aliyeshinda kwenye benchi nje ya mlango wa mkurugenzi akisubiri majalada yatiwe sahihi. Kwa jinsi yalivyokawia, alikwisha kuwafumia sweta wanawe wote, na sasa alikuwa amefika kwa wakwe. Mama Stoo, ambaye hakuwahi kumpa hata pini, akamwendea mchana, mfuko kwapani.

Tarishi akaigonga shali kwa kidole. "Hodi humu ndani!"

"Usinitanie, baba. Nifundishe."

"Huu uzi umekukosea nini?"

"Nisipokaza, vitanzi vitatoroka."

"Viende wapi, mama yangu? Vimeshavaa sindano."

Akamwonyesha. Uzi auzungushe kidoleni mara moja, si mara nne kana kwamba anafunga mzigo wa kuni. Asifumie kwenye ncha, maana pale sindano ni nyembamba. Akiachie kitanzi kishuke hadi kwenye unene, kipate saizi yake hapo. Atafute sindano za mwanzi, nene kuliko hizo. Na akimaliza kitanzi, asivute. Basi.

"Na hii niliyokwisha kufuma?"

"Fumua."

Tangu aajiriwe, Mama Stoo hakuwahi kubatilisha uamuzi. Akafumua safu kwa safu, akihema kama mtu aliyepanda ngazi.

Siku ya tatu akarudi amekunja uso. Safu nyingine zimelegea kama utando wa buibui, nyingine zimekaza vilevile. Tarishi akaziinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Unafumia wapi?"

"Pale stoo, huku nahudumia watu."

"Hapa palipokaza alikuja nani?"

Akafikiri. "Karani wa masijala. Alitaka gundi, nikamkatalia."

"Na hapa?"

"Mhasibu. Karatasi." Sauti ikamshuka. "Nikamkatalia pia."

"Ukinyima, mkono unakaza. Chagua, mama: stoo au shali."

Zilibaki siku kumi na moja.

Kesho yake karani wa masijala akaja na sura ya mtu anayejua jibu. "Gundi ipo?"

Mama Stoo akanyoosha sindano kuelekea rafuni. "Kopo lile pale."

Karani akalizunguka kopo kwanza, kama lina mtego. Baada ya hapo habari zikaenea haraka kuliko waraka wowote uliowahi kutoka ofisi ile: akiwa na sindano mkononi, hakatai. Foleni ikafika ngazini. Zikatoka rula, zikatoka faili, ikatoka feni iliyokaa ndani ya boksi miaka sita ikisubiri dharura. Kila kilichotoka kilimchoma roho, lakini matundu yakafunguka moja baada ya jingine, na mkono ukaanza kwenda wenyewe.

Siku moja kabla ya harusi, zikiwa zimebaki safu mbili, karani yuleyule akachungulia. Stoo ilikuwa tupu hadi sauti inarudi.

"Mama, hicho kiti chako je?"

Mama Stoo akamkazia jicho lililowahi kuwatoa jasho wakaguzi. Kisha akatazama vitanzi vyake, vimejilaza kwenye mwanzi bila woga wowote. Akasimama.

"Beba."

Akamalizia akiwa wima, ameegemea rafu.

Jioni ile binti akajitanda shali, ikamwagika mgongoni kama maziwa. Wifi, aliyekuja na ile ya dukani kwenye mfuko wake, akaishika pembe hii ya kufumwa, akaipekua huku na huku, akafungua mdomo, akaufunga. Ndugu wakatazamana, haikuwahi kutokea.

Shali ikateleza begani. Mkono wa Mama Stoo ukaruka kuivuta. Binti akaudaka.

"Iache, mama. Iteleze."

Akaiacha. Vidole tu ndivyo vilivyoendelea kukunjana kidogo hewani, vikiwa havijapewa taarifa.