Mtani wa Upande wa Kaskazini

Nimelala kwenye nyumba nyingi za watu, ila kwa Tsivery, kusini mwa Morondava, ndiko nilikokaa kuliko kote. Nilipofika, kijiji chao, cha wavuvi wa Kivezo, kilikuwa kimeshahamia nyuma ya uwanda wa chumvi, maana bahari ilikuwa inaumega ufuo mwaka baada ya mwaka. Nyumba mbili tu zilibaki zikitazama maji: ya Tsivery, na kaskazini yake ya mjane mmoja, Soafara, muuza samaki wakavu.

Hao wawili walikuwa watani, ukoo kwa ukoo, tangu kwa mababu. Na utani wa Wavezo una nguvu. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, na akiomba kitu chako humnyimi. Tena ndiye atakayekuosha ukifa. Kila asubuhi Soafara alipita na ungo wake wa samaki kichwani.

"We maiti, umeamka?"

"Nimeamka nisije nikaiota sura yako."

"Sura hii hii ndiyo itakuosha. Nitakusugua kwa magamba."

Mimi nilikuwa nakunywa maji yangu ya ukoko wa wali nawasikiliza, na asubuhi inakwenda vizuri.

Tsivery hakutaka kuhama. Watoto wake walizaliwa mle, wakaenda zao Toliara, na alisema wakirudi watamtafuta pale pale. Basi tukakata miti ya mikoko, tukaishindilia safu mbili kutoka mbele ya mlango wake hadi ndani ya maji, katikati tukapanga viroba vya mchanga. Kazi ile ilifaa. Maji ya pwani ile husukuma mchanga kutoka kusini kwenda kaskazini; ulipofika kwenye miti ukawa unatua hapo. Ufuo wa Tsivery ukanenepa. Wa Soafara, upande wa pili wa miti, ukakonda, kwa sababu mchanga wake sasa ulikuwa unabaki kwetu.

"We fisi," Soafara akamwambia, "ng'oa vijiti vyako. Vinanila."

"Vina njaa gani hivyo, mpaka vinakula mifupa?"

Wakacheka. Baadaye jiko lake likachukuliwa na maji, akaja tena.

"Ng'oa, Tsivery. Jikoni kwangu sasa papa ndio wanaopika."

"Waambie wasiunguze wali."

Akacheka, na Soafara akacheka, lakini yeye alicheka huku anaitazama ile miti.

Soafara alipoondoka nikamwambia Tsivery, "Kaka, mama yule anaomba kweli."

"Utani tu."

"Jiko limekwenda kweli."

"Akitaka kweli aje aseme kama watu wanavyosema."

"Lini umemruhusu aseme nawe kama watu?"

Alijua vizuri kuliko mimi kwamba ombi la mtani halikataliwi, na kwamba njia ya kulikwepa ni moja tu, kulicheka.

Maji makubwa yalipokuja, yalifika chini ya kitanda cha Soafara. Watu wakaja kutoka kijijini, wakafungua kuta za matete, wakazibeba kwenda kuzisimamisha huko kwao. Tsivery naye alibeba nguzo ya kati begani, njia nzima anamrushia matusi ya kumchekesha. Soafara alitangulia na kuku wake kwapani. Hakugeuka.

Baada ya hapo asubuhi zetu zikawa ndefu. Tsivery akawa anaketi mlangoni, uso kaskazini, kulikokuwa na maji matupu. Nilijaribu kumtukana mimi, akanitazama kama mtu aliyeguswa na mgeni. Watoto hawakuja. Ufuo wake ulikuwa mpana, na hapakuwa na nyayo juu yake ila zetu.

Siku moja akachukua shoka na kamba, akaingia majini. Nikamfuata. Tuling'oa miti yote, na mchanga ukaanza kuondoka tukiuona. Akavaa shati lake la kanisani, tukakatiza uwanda wa chumvi kwenda kijijini. Njiani alikuwa anaandaa tusi, ananijaribia mimi, analibadilisha.

Soafara alikuwa anaanika samaki mbele ya nyumba yake.

"We mchawi," Tsivery akasema, "umejichimbia huku ukidhani kaburi halitakuona?"

Soafara akainuka, akapangusa mikono, akatandika mkeka.

"Karibuni, mzee. Mmeshindaje huko?"

Tsivery akabaki amesimama. "Nimeing'oa," akasema. "Miti. Yote."

"Ahsanteni sana, mzee. Ketini, jua kali."

Akatuletea wali na samaki, akampa Tsivery kwa mikono miwili, kama apewavyo mgeni wa heshima, si mtani. Tsivery akajaribu tena, kwa sauti ndogo: "Samaki huyu amekufa kwa kukuona wewe."

Soafara akainamisha macho. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kwa upole kama mzee angependa kuongezewa.

Tsivery akasema ameshiba. Alikuwa hajagusa kitu.